Magita Mawili, Amplifaya Moja

"Ni nani anayetakiwa kulisikia gita lako?"

Ta Respicius, yaani Mzee Respicius kwa Kihaya, aliniuliza hivyo siku ya kwanza nilipoingia kwenye chumba chetu cha mazoezi, kule Kashai, Bukoba, nyuma ya gereji ya bodaboda. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, nimezoea maswali ambayo majibu yake yako kurasa za mwisho za kitabu. Nikajibu, "Watu." Akasema, "Watu gani? Waliokaa mbele, waliokaa nyuma, mpiga ngoma, au wewe mwenyewe?" Hakusubiri jibu. Alinipa waya, akanionyesha tundu la pili kwenye amplifaya yake, tukaanza kupiga.

Nawaandikia ninyi mnaopiga sasa, kwa sababu mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mnunue mashine ipi ya gita, ile inayoiga amplifaya au ile ya efekti nyingi. Mnaniuliza kwa kuwa nimestaafu na mnadhani mstaafu ana muda. Muda ninao. Nina miaka thelathini na nne, na hapa Buhembe neno kustaafu likitoka kinywani mwangu watu hucheka, maana wanaostaafu ni walimu na makarani. Lakini sijui neno jingine la kumwita mtu aliyeiacha kazi akiwa bado anaipenda. Siku hizi napalilia migomba ya mama na kufundisha hesabu watoto wa jirani. Migomba haina kelele.

Nianze na amplifaya, kwa kuwa kila kitu kilianzia hapo. Ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa nyuma yake. Ilikuwa nzito kama gunia la kahawa lililolowa. Ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia gita, na kwa kuwa bendi haikuwa na nyingine, magita yote mawili yalipita humo: solo la Ta Respicius tundu la juu, na gita langu la ridhim tundu la chini. Yeye alisimama kushoto kwa amplifaya, mimi kulia. Sikio langu la kushoto lilikuwa karibu na spika kuliko mtu yeyote jukwaani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya. Waya wangu ulikuwa mfupi.

Ta Respicius alikuwa kiongozi wa bendi na mwalimu wangu. Alinifundisha mambo ambayo mtandaoni hamtayaona. Usilinganishe nyuzi kabla amplifaya haijapata joto, kwa sababu na wewe bado una baridi. Pitisha waya kwenye mkanda wa gita kwanza, ndipo uuchomeke, ili bibi harusi akiukanyaga usichomoke. Mpiga ngoma akikosea, kosea naye. Kuhusu amplifaya alikuwa na imani moja ambayo niliishuku tangu mwanzo: kwamba sauti yake tamu haitoki mpaka uifungulie zaidi ya nusu. Nilimtaka anithibitishie. Akaishusha, akapiga, akaipandisha, akapiga. "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia kwamba imepanda. "Msomi wewe una shida," akasema, na tangu siku hiyo haikushuka tena chini ya nusu.

Tulipiga harusi na sendoff za Bukoba, sherehe za ubatizo na jubilei za mapadri. Wakati wa mbalamwezi tulikwenda visiwa vya Muleba, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki na wavuvi hukaa kambini na fedha yao, wakitafuta cha kufanya. Amplifaya ilisafiri kwenye boti ikiwa imefungwa turubai, na Ta Respicius aliikalia karibu, mkono juu yake.

Erasto, fundi mitambo wetu, alikuwa mtoto wa wachuuzi wa samaki wa visiwa hivyo hivyo na ziwa halikumtisha. Alipenda kumchokoza. "Boti ikizama, Ta, utaanza kumwokoa nani?"

"Wewe unajua kuogelea," Ta Respicius akajibu bila kugeuka. "Hii haijui."

Mlio ulianza nikiwa na miaka michache tu kwenye bendi. Ulikuwa mwembamba, wa juu, ndani ya sikio la kushoto, kama waya wa umeme unaolia mvua ikinyesha. Mwanzoni ulikoma nikilala. Baadaye haukukoma. Nilikwenda hospitali, daktari akanivalisha spika za masikioni, akanipigia vijisauti, nikawa nainua mkono kila ninaposikia. Kuna mahali nilikaa muda mrefu bila kuinua mkono. Akaniambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba kilichobaki kitategemea nitasimama wapi.

"Kwamba niache?"

"Sijasema uache. Nimesema uondoke kwenye kelele."

Nilimshuku na yeye pia. Nilisoma kila nilichopata nikitumaini kumkuta amekosea. Hakuwa amekosea. Nikajaribu pamba, nikajaribu vizibo vya mpira. Sauti ilipungua, lakini nyuzi zangu mbili za juu zilipotea kabisa, nikawa napiga kwa kukisia. Nikamwomba Ta Respicius tushushe amplifaya. Akaishusha kwa nyimbo mbili, mkono ukawa mzito, akapiga kama mtu anayekula chakula cha wagonjwa. Sikumwomba tena.

Hapo ndipo habari ya mashine ilipoingia. Kwenu mashine hizi ni suala la sauti na bei. Kwangu zilikuwa njia ya mwisho ya kubaki jukwaani.

Niwaeleze kwa kifupi, kwa maana kuna anayeanza. Mashine ya kuiga, ile wengine huiita modela, hubeba ndani yake mfano wa amplifaya na mfano wa spika. Unachomeka gita, unatoa waya mmoja kwenda moja kwa moja kwenye mikisa, meza ya fundi mitambo ya kuchanganyia sauti, na jukwaani hubaki na kispika kidogo au spika za masikioni ambazo sauti yake unaipanga mwenyewe. Amplifaya inaweza kubaki nyumbani. Mashine ya efekti ni kitu kingine: ina mwangwi, mtetemo, mkwaruzo, mapambo ya kila aina chini ya mguu wako, lakini mwili wa sauti bado unatoka kwenye amplifaya iliyo nyuma yako. Najua siku hizi mipaka imefifia na kila kiwanda kinadai mashine yake inafanya yote. Msiamini tangazo. Ulizeni swali moja tu: mkishainunua, kitu gani kitabaki kinapiga kelele mgongoni mwenu?

Amplifaya ilikuwa imezeeka na inahitaji kusaidiwa, hilo wote walikubali. Fedha ya bendi ilitosha mashine moja. Erasto alimjua mfanyabiashara wa Mwanza aliyekubali kutuazima mbili, moja ya kila aina, tuzijaribu Jumapili na kumrudishia ile tusiyoitaka. Ile ya kuiga ilikuwa na matundu mawili. Magita yetu yote yangeingia humo. Nilipoliona tundu la pili nililigusa kwa kidole, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Aliyejua habari ya sikio langu alikuwa Ta Respicius peke yake. Usiku wa kuamkia ile Jumapili alinipigia simu. "Niwaambie wenzako?"

"Hapana, Ta. Mashine ishinde kwa ubora wake au ishindwe. Sitaki kuhurumiwa."

"Huruma si ugonjwa, waitu."

"Usiwaambie."

Jumapili baada ya misa tulikutana Kashai, sote sita. Swali likawa namna ya kujaribu. Ta Respicius ndiye aliyetoa utaratibu. "Nyumbani kwetu," alisema, "wakikuletea rubisi, pombe ya ndizi, ya nyumba mbili useme ipi ni nzuri, unaonja zote kwa kibuyu kimoja. Ukibadilisha kibuyu, umeonja kibuyu."

Nilifurahi kupita kiasi. Ndicho walichotufundisha chuoni miaka mitatu kwa maneno marefu: ukilinganisha vitu viwili, vingine vyote visibadilike. Nikaongeza masharti yangu. Gita moja. Waya mmoja. Amplifaya moja, ya Ta Respicius, vitufe vyake visiguswe. Mpigaji mmoja, wimbo mmoja. Sisi wengine tugeuke tutazame ukuta, tusijue ni mashine ipi. Erasto abadilishe.

"Profesa ameanza," Erasto akasema. "Kesho atatupima damu."

"Geuka ukutani."

"Mimi ndiye ninayebadilisha. Nikigeuka nani atachomeka?"

Tukacheka, tukageuka. Ta Respicius akapiga.

Ya kwanza ilitoka safi, yenye kung'aa, kila uzi mahali pake, mwangwi ukiwa mdogo na wa heshima. Ya pili ilitoka nzito na yenye giza. Sauti za chini zilikuwa zimevimba, za juu zimekatika, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Mpiga besi akauliza, "Hii imepigiwa shimoni?" Erasto akasema ngoja, akabadilisha aina ya amplifaya inayoigwa, akabadilisha tena, akapitia karibu orodha nzima. Shimo lilikuwa lile lile, la rangi tofauti. Hakuna aliyetuambia, lakini sote tulishajua ya pili ni ipi. Nililiweka sikio langu zima, la kulia, mbele kabisa. Nilitaka kusikia kitu ambacho wengine hawakukisikia. Sikukisikia.

Bendi yetu iliamua mambo kwa kura, na kura zetu zilikuwa za kopo. Kila mtu alipewa punje mbili: kahawa kavu ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni, na harage. Unatumbukiza moja, nyingine unabaki nayo mfukoni. Siku hiyo kahawa ilikuwa mashine ya kuiga, harage lilikuwa mashine ya efekti.

Nilishika punje zangu mbili kwa muda. Hakuna aliyeniangalia. Ningetumbukiza kahawa, na ningekuwa na sababu. Lakini nilikuwa nimeyataka masharti mwenyewe, na masharti yalikuwa yamesema. Nikatumbukiza harage.

Erasto akamimina kopo kwenye kiti. Maharage matano na kahawa moja. Macho yote yakanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa nimesema sana kuhusu mashine ile.

"Pole, dada Koku," Erasto akasema. "Nisingeweza kuichagua. Tukipiga hiyo sauti ya pipa harusini, mama wa bwana harusi atatupiga mawe."

Nilikuwa nahesabu upya. Tulipokuwa tukifunga mlango, wengine wametangulia, Ta Respicius akasimama karibu nami.

"Ile kahawa ni yangu."

"Umeisikia mwenyewe ilivyokuwa mbaya."

"Nimeisikia."

"Basi kwa nini? Kura si zawadi, Ta. Umeiharibu kura."

Alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha. "Nilidhani zitakuwa mbili," akasema.

Tukainunua mashine ya efekti. Kwa haki, ilikuwa mashine nzuri, na mkipata ya aina hiyo yenye mwili wa chuma msiidharau. Tope la Ngenge, kule Muleba, halikuiua. Jenereta lilipokohoa na umeme kukatika, iliamka kabla mshereheshaji hajamaliza kuomba radhi. Zile za kuiga nyingi huchukua muda mrefu kuamka, na mtu anayezitumia huku kwetu bila kifaa cha kuhifadhi umeme anajitafutia aibu mbele ya maharusi. Pangeni sauti zenu kwa mfuatano wa nyimbo, si kwa majina. Juani skrini haionekani. Bandikeni alama za rangi. Kanyageni kwa kiatu chenye soli nyembamba. Ta Respicius alijifunza haya yote akiwa mzee, akitukana taratibu kwa Kihaya, na mwisho aliitumia vizuri kuliko nilivyotarajia. Solo lake likapata mwangwi, na watu wakamtunza zaidi.

Na amplifaya ikabaki nyuma yetu, zaidi ya nusu.

Nilipiga hivyo masika mawili na vuli mbili. Wenzangu walipoijua habari ya sikio walinibadilishia upande, wakanirefushia waya, wakafanya kila linalofanywa na watu wema wakiwa wamechelewa. Lakini mahema ya harusi ni madogo. Ukiikimbia spika unakutana na matoazi ya ngoma. Mlio ukahamia na kulia. Nikaanza kuwaomba watu warudie maneno, kisha nikaacha kuomba, nikawa nacheka pale wanapocheka wengine.

Harusi ya mwisho ilikuwa Ngenge, mchana, kwenye uwanja wa shule. Wajomba wa bibi harusi walikuwa wanaingia na zawadi wakicheza, na wimbo wa zawadi haukatizwi; familia moja ikimaliza nyingine inaingia, bendi inazunguka tu. Katikati nikasikia gita langu limepanda juu ya noti ya wenzangu. Si sana, kiasi cha kuudhi. Nikashusha uzi mmoja huku nikipiga. Bado. Nikashusha wa pili. Nikamwona mwimbaji anageuka kunitazama, akageuka tena mbele haraka. Ta Respicius akasogea hadi karibu yangu bila kuacha solo, kwa namna mtu anavyosogea kwa mbwembwe kwenye wimbo. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Wimbo ulipompa nafasi ya kuachia mkono wa kulia, aliunyoosha, akashika kitufe cha sauti cha gita langu, akakizungusha hadi sauti ikaisha. Hakunitazama usoni. Akarudi mahali pake.

Niliendelea kuchezesha vidole kwenye gita lisilotoa sauti mpaka wajomba walipoisha.

Wakati wa chakula nilimkuta nyuma ya hema, sahani ya ndizi mkononi, hajaigusa.

"Lilikuwa limepanda?" nikauliza.

"Lilikuwa sawa. Ukalishusha."

"Mimi nililisikia limepanda."

"Najua."

"Sikio hili linasema hivi, na hili linasema hivi. Sasa nifuate lipi, Ta?"

Mzee yule, ambaye kwa kila jambo alikuwa na methali au tusi, alinisogezea ile sahani. "Kula kwanza," akasema. Nikala. Kipindi cha pili nilikaa na Erasto kwenye mikisa, nikimshikia tochi ambayo mchana ule haikuwa na kazi. Wiki iliyofuata nililirudisha gita langu nyumbani na sikulichomeka tena.

Huo ndio utumishi wangu wote. Sitadai kwamba ulikuwa na mafunzo makubwa. Bendi ipo, Ta Respicius bado anapiga, na nikiwa Kashai napita kuwasalimu nikisimama mlangoni, upande wa barabara.

Nilikuwa nimekwisha kuyazika haya yote. Kisha, miaka baada ya Ngenge, binamu yangu alioa Muleba mjini, nikakaa meza ya nyuma kabisa kama ninavyokaa siku hizi. Bendi ilikuwa ya vijana. Jukwaani hapakuwa na amplifaya hata moja. Gita la solo lilinifikia hata mimi, safi, kila uzi mahali pake. Walipopumzika nilikwenda kumsalimu mpigaji, binti mdogo kuliko mimi, na nilipotazama chini miguuni pake nikaitambua mashine. Ilikuwa ndugu wa ile tuliyoirudisha Mwanza, tundu la pili likiwa pale pale.

Nilimwambia kwamba bendi yetu iliwahi kuijaribu na ikasikika kama pipa.

"Mliisikiliza kwenye nini?"

"Kwenye amplifaya yetu."

"Mkiwa mmezima spika ya ndani?"

Niligeuza sikio la kulia, nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kwa heshima, kama mtu anayemweleza shangazi yake namna ya kutumia simu. Mashine ya kuiga hutoka kiwandani amplifaya yake ya ndani na spika yake ya ndani zikiwa zimewashwa, kwa sababu imetengenezwa kwenda moja kwa moja kwenye mikisa. Ukiichomeka kwenye amplifaya halisi, ni lazima uzizime kwanza, la sivyo sauti inapita kwenye amplifaya mbili na spika mbili, moja ndani ya nyingine, na mashine yoyote ya aina hiyo, hata iwe bora kiasi gani, itatoka na giza. Pa kuzizimia ni kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio.